Kitabu Kilichokataa Kuisha

Fundi alikuwa amebana pini midomoni, akikunja upindo wa sketi ya shule, mlango wa duka lake uliposukumwa kwa bega. Alikuwa Kinanda. Hakuweza kuusukuma kwa mkono kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia kitabu. Wiki iliyopita alikuja amekikwapa tu. Kabla ya hapo kilikuwa kikikaa ndani ya mkoba wake, pamoja na mwavuli, kitana na dawa za kichwa.

"Kimeongezeka tena," alisema, akakitua juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Fundi akazitoa pini mdomoni, akazichoma moja moja kwenye kijimto. "Kiasi gani?"

"Sura mbili. Nimeamka nikazikuta."

"Na huyo bwana ametubu?"

"Nitajuaje? Nimekungoja wewe."

"Haya, bandika chai," alisema Fundi, akasogeza mkasi kukipisha.

Walikuwa wakisoma hadithi za mapenzi pamoja tangu Fundi alipofiwa na mume na kugundua kwamba jioni zina urefu usio na maana. Walinunua nakala moja tu ya kila kitabu. Fundi alisoma kwa sauti kurasa za mkono wa kushoto, Kinanda za mkono wa kulia, na ilikuwa mwiko mmoja kuchungulia upande wa mwenzake. Kwa hiyo hakuna aliyekijua kitabu peke yake. Mmoja alijua wapenzi walivyogombana, mwingine akajua walivyopatana, kutegemea mpiga chapa alivyoamka siku hiyo. Wakimaliza, waliweka simu katikati ya meza, wakarekodi uhakiki wao na kuutuma kwenye kundi la wasikilizaji: wanawake wengi, na wanaume kadhaa waliodai kwamba wamo kwa bahati mbaya. Hawakutoa nyota. Walitoa chai. Kitabu kizuri ni kile kinachokusahaulisha kikombe mpaka kipoe, basi kilicho bora kabisa kilipata chai tano baridi, na kilicho kibaya kilipewa chai moja ya moto, iliyonyweka yote.

Kinanda aliitwa hivyo kwa sababu ya sauti. Kabla hajaolewa alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi, na abiria wengine walichelewa kwa makusudi ili wamsikie akiwaita tena. Mume wake, Mfamasia, alimtoa kazini mwaka ule ule wa harusi, akisema sauti ya mke wake si ya kila mwenye tiketi. Kundi lilipoipata habari hiyo lilishangilia. Mmoja aliandika kwamba huo ndio wivu wenye mapenzi ndani yake, Mungu ampe na yeye. Mfamasia alikuwa mtu wa watu. Mtoto wa jirani akishikwa na homa, yeye ndiye aliyefungua famasi kwa kandambili na kumpimia dawa. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

Marafiki hao wawili walikuwa na sheria nyingine moja, na aliyeitunga ni Fundi. Zamani waliwahi kukiponda kitabu kabla ya kukimaliza, kumbe sura ya mwisho iligeuza kila kitu, kundi likawacheka wee mpaka wakakoma. Tangu hapo Fundi akatamka: hatuhukumu kabla ya ukurasa wa mwisho. Walilisema neno hilo mwanzo wa kila uhakiki, kama mtu anavyopiga hodi.

Kitabu hiki, siku walipokianza, kilikuwa chembamba. Kilihusu rubani aliyempenda mpiga picha wa harusi. Kabla hakijafika nusu, rubani alikuwa ameipasua kamera ya mpenzi wake kwa sababu ndani yake mlikuwa na sura za wanaume wengine, wengi wao mabwana harusi.

"Huyu simpendi hata kidogo," Fundi alisema.

"Hatuhukumu," alisema Kinanda, akanyoosha mkono kufunua ukurasa.

Hapo ndipo Fundi alipoiona bendeji kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa bendeji safi sana, ncha zake zimekunjwa zikalingana. Mfamasia aliijua kazi yake. Alichokiumiza usiku alikitibu asubuhi, kwa upole, akipuliza ili dawa isichome.

Fundi akakifunga kitabu. "Ondoka kwake."

"Niende wapi?"

"Hapa hapa kwangu. Marobota ya chumba cha nyuma nitayahamisha."

Kinanda alikitazama kitabu kwa muda. "Tukikimaliza hiki," alisema, "naondoka. Haki ya Mungu."

Fundi akakipima kati ya kidole gumba na cha shahada. Hakikuwa na kazi ya zaidi ya siku nne, tano. Akalia kwa furaha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kitabu chochote.

Wasichokijua ni kwamba simu ilikuwa wazi. Walikuwa wamerekodi salamu za kundi, wakasahau kuizima, na Fundi alipoitia kwenye mfuko wa aproni maneno yote yakajituma. Kundi zima likayasikia: ondoka kwake, niende wapi, tukikimaliza. Majibu yakaanza kuingia. Wengi walituma vikatuni vyenye machozi. Mmoja aliomba wasimalize haraka kwa kuwa na yeye amekinunua, asije akaharibiwa utamu. Mwingine aliandika kwamba mvumilivu hula mbivu. Mama mzazi wa Kinanda aliandika kwamba vikombe kabatini havikosi kugongana. Mfamasia, ambaye alikuwa mmoja wa wale wanaume wa bahati mbaya, alituma kidole gumba. Fundi alikikodolea macho kile kidole, kisha akajipa moyo kwamba bwana yule amelichukulia jambo lenyewe kama utani.

Siku ya kumaliza ilipofika, Fundi alifagia chumba cha nyuma, akatandika godoro, akatundika pazia alilolishona mwenyewe kwa masalio ya vitambaa. Walipofika mahali ambapo kitabu kilitakiwa kwisha, palikuwa na sura nyingine. Rubani alikuwa amekuja na maua. Wakaisoma. Kesho yake kukawa na nyingine tatu: rubani ameomba radhi mbele ya wazee, rubani amenunua kamera mpya, rubani ameacha pombe, ingawa hakuna ukurasa wowote wa nyuma uliosema kwamba anakunywa. Fundi hakushangaa. Alishaona nguo zinazofumuka upande huu ukizishona upande ule. Alikasirika tu, akamwambia Kinanda kwamba rubani huyu anawapotezea muda.

"Labda anabadilika kweli," Kinanda alisema, bila kumtazama.

Kitabu kikanenepa. Kilinenepa zaidi wiki zile ambazo Kinanda alikuja amevaa mikono mirefu wakati wa joto. Fundi alikipeleka kwa muuza vitabu, naye akakigeuzageuza, akainusa gundi, akasema vitabu vya aina hiyo ndivyo vilivyo, hasa vikisomwa na watu wawili, na kwamba yeye harudishiwi bidhaa iliyokwisha kufunguliwa. Kilipofika kiwango cha kutobebeka, wakakodi mkokoteni. Mwenye mkokoteni aliuliza kama ni saruji. Akaambiwa ni mapenzi. Akasema ndiyo maana.

Kila asubuhi kundi liliuliza, "Vipi, ametubu?" Kila asubuhi Fundi alijibu, "Bado." Siku moja uvumilivu ukamwishia, akaandika kwa herufi kubwa kwamba hapa hapazungumzwi habari za rubani, mwenzao anaumizwa ndani ya nyumba yake, na kama kuna mwenye ndugu, mwenye chumba, mwenye neno la kumwambia yule bwana, asimame sasa. Kisha mmoja akamjibu kwa heshima zote kwamba hatuhukumu kabla ya ukurasa wa mwisho. Wengine wakaligongea jibu hilo moyo mwekundu. Fundi aliona haya na uchungu kwa pamoja, akaiweka simu chini ya robota la kaki na kuiacha humo mchana kutwa.

Mkokoteni ndio uliomsumbua Mfamasia. Alisema haipendezi mke wake kukatiza mitaani na mzigo kama mtu anayehama. Fundi aje nyumbani, karibu sana, nyumba ni yake. Akamwita seremala, akatengenezewa meza ndefu ya mbao ngumu ya kukilazia kitabu. Kitabu kilipowekwa kilichukua nusu yake tu.

"Nimekiachia nafasi ya kukua," alimwambia Fundi, akatabasamu.

Basi Fundi akawa anafunga duka mchana na kwenda. Nyumba ilikuwa nyuma ya famasi, na mlango wa katikati ulikuwa wazi siku zote, hivyo waliposoma walisikia kengele ya wateja na kunusa spiriti. Fundi alikaa kushoto, Kinanda kulia, kitabu katikati kikiwazuia hata kuonana vizuri. Mfamasia aliwaletea chai mwenyewe, kwa sinia, na kila alipoitua aliuliza swali lile lile.

"Mmemaliza?"

"Bado," alijibu Kinanda, kabla swali halijafika mwisho.

Fundi alikuwa amekonda kwa hasira. Sare za shule ziliharibika mikononi mwake. Alishona suruali yenye miguu ya vimo viwili, na mama wa mtoto akaipokea bila kusema neno kwa sababu uso wa Fundi haukuruhusu. Ndipo akafanya ambalo hajawahi kulifanya. Alirudi kwa muuza vitabu, akanunua nakala nyingine ya kitabu kile kile, akakaa nyuma ya cherehani na kuisoma peke yake, kushoto na kulia.

Ilikuwa nyembamba. Hakukuwa na maua wala wazee wala kamera mpya. Rubani alipasua kamera, akapiga, akalia, akapiga tena, na kwenye ukurasa wa mwisho mpiga picha alikata tiketi, akapanda basi, akakaa kiti cha dirishani bila kugeuka nyuma. Chini yake kulikuwa na neno Mwisho. Ulikuwa ukurasa wa mkono wa kulia. Fundi aliugeuza, akaurudisha, akaugeuza tena. Upande ule haukuwa wake kusoma.

Kesho yake alikwenda na utepe wa kupimia shingoni. Kinanda alikuwa amekwisha kukaa mahali pake. Alikuwa amejizungushia mtandio mzito kooni, na mbele yake kulikuwa na kisahani ambacho Mfamasia alimpangia vidonge vya kumung'unya, vyekundu na vya kijani, kwa mistari.

"Koo," Kinanda alisema. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kiti kinachoburutwa.

"Naliona," alisema Fundi. Hakuuliza, kwa maana mtandio haukufunika kila kitu. "Anza tu. Mimi leo nakupima mabega, nataka kukushonea blauzi."

Akasimama nyuma yake, akatandaza utepe begani, akavunja mwiko wao kwa mara ya pili. Kwenye ukurasa wa kulia mpiga picha alikuwa amekata tiketi. Alikuwa amepanda basi. Chini yake kulikuwa na neno Mwisho, jeusi, kubwa, na chini ya neno hilo hapakuwa na kitu. Kinanda aliweka kidole juu yake, akaendelea kusoma kwa ile sauti iliyobaki: "Lakini basi lilipotaka kuondoka, akayakumbuka macho yake, na..."

Herufi zikatokeza karatasini nyuma ya maneno yake, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Alipoinua kidole, Mwisho halikuwapo tena.

"Hapo palikuwa pameandikwa mwisho," Fundi alisema kwa sauti ya chini.

Kinanda hakugeuka. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya godoro. Kila siku kinaisha. Akilala nakuja hapa, nasoma mbele, kurasa zangu na zako. Jana usiku koo lilikataa."

Fundi alishika mgongo wa kiti. "Na mimi nikungoje. Nifagie chumba kila asubuhi. Nigombane na kundi zima kwa ajili yako. Unampenda mtu huyu kiasi hicho?"

"Alitusikia," alisema Kinanda. "Kwenye ile rekodi. Alirudi jioni, akaniuliza kitabu kimebaki kiasi gani. Hakukasirika. Akasema siku mtakayomaliza utatoka, mimi sitakuzuia. Utatoka umebebwa."

Kengele ya famasi ikalia. Wakamsikia Mfamasia akimwelekeza mtu kunywa dawa baada ya chakula, si kabla, mama, tumbo litakusumbua.

"Twende sasa hivi," Fundi alinong'ona. "Mlango wa uani."

"Wapi?"

"Kwangu."

"Kwako anapajua, ndugu yangu. Kwa mama anapajua, na mama atamfungulia. Polisi wanamwita daktari." Kinanda alivuta pumzi, ikapita kooni kwa taabu. "Nimekuwa nikikuombea usichoke. Ukiacha kuja tu, kimekwisha."

Fundi aliuachia mgongo wa kiti. Miezi yote hiyo alikuwa akiusukuma mlango kwa nguvu zake zote, kumbe mwenzake yuko upande wa pili ameuegemea asife. Alimwekea mkono kichwani kama mtoto.

"Haya, endelea," alisema.

Kinanda akarudisha kidole kwenye ile sentensi, pale ilipokatikia. Akafungua mdomo. Ilitoka hewa. Akameza mate, akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama juu ya mtandio, na hakukutoka hata ile sauti ya kiti. Kwenye karatasi hapakuongezeka nukta. Akamgeukia Fundi, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyefika mwisho wa kamba ndani ya kisima.

Fundi akafunua ukurasa. Wa kushoto, uliokuwa wake, ulikuwa mweupe. Akakaa mahali pake. Kwanza alifanya lile alilolitamani tangu siku ya bendeji. Aliweka kidole juu ya karatasi, akasoma kwa chuki yake yote: "Ndege ya rubani ikaanguka..."

Kinanda alirukia mkono wake akaukamata, akatikisa kichwa kwa nguvu. Fundi akaelewa. Rubani akifa, hadithi imekwisha. Akalifuta neno kwa kidole gumba, nalo likafutika kama chaki ya fundi.

Nyayo zikasikika. Mfamasia akasimama mlangoni na sinia: vikombe viwili, na sukari pembeni, kwa kuwa alikumbuka kwamba Fundi hatumii. Alimtazama mke wake, akautazama mtandio, akaonekana kuridhika kwamba umefungwa vizuri.

"Mmemaliza?"

Kinanda alifungua mdomo, akaufunga.

"Bado," alisema Fundi.

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya kufika mpaka famasi, sauti ya mwanamke aliyezoea kuita watoto wapimwe sare: "...na moyo wake ukalainika. Akamwomba dereva asimamishe basi. Alipofika nyumbani alimkuta rubani amekaa kibarazani akimngoja, na safari hii rubani alikuwa amebadilika kabisa." Maneno yakapanda karatasini chini ya kidole chake, meusi, yamenyooka, hayakukosea hata mkato. Mfamasia akatua sinia, akavuta kiti, akakunja nne ili asikilize. Ilipofika pale rubani anapoomba radhi, alitikisa kichwa kwa kuguswa.

Fundi alisoma mpaka chini, akavuka kwenye ukurasa wa kulia, akasoma na huo. Kinanda alikuwa amemshika pindo la gauni chini ya meza na hakuliachia mpaka jua lilipotua.

Fundi alikuja kesho yake, na siku zilizofuata. Kundi likapata habari kwamba Kinanda anaumwa koo, sasa Fundi anasoma pande zote mbili, na likampongeza. Walisema hawakujua kwamba na yeye ana sauti. Mama mzazi wa Kinanda alimtumia ujumbe mrefu wa peke yake, akamshukuru kwa kumsaidia mwanawe kushika nyumba, akasema marafiki wa namna hiyo siku hizi ni adimu, na Mungu atamlipa.

Fundi akamjibu asante mama, akafunga duka mapema, akaenda kusoma.